Matanga ya Kulinda Nyumba

Habari ya posho ya waheshimiwa ilisomwa redioni Jumatano mchana, saa ambayo nusu ya Bukavu ilikuwa inakula ugali na nusu nyingine inautafuta. Mtangazaji aliisoma bila haya wala haraka. Wajumbe wa baraza la mkoa, lile lililoteuliwa na waasi walioushika mji tangu vita vya pili vianze, wameongezewa mshahara, na kila mmoja atapewa posho ya makazi kwa sababu ya uzito wa kazi zake. Kisha akaendelea na matokeo ya mpira.

Madeleine alibaki na tonge mkononi. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya wasichana, na mshahara wa serikali alikwisha kuusahau hata sura yake. Wazazi wa wanafunzi ndio waliomlisha. Hilo alilizoea. Kilichomuuma ni kwamba sebuleni kwake, kwenye magodoro yaliyobanana ukuta kwa ukuta, walilala rafiki yake Virginie na watoto wake, ambao nyumba yao ya bondeni iliondoka na mvua mwezi ule ule. Mlima ulikatika alfajiri ukabeba nyumba za mtaa mzima na watu waliokuwa ndani. Baraza hilohilo likaunda kamati ya wahanga. Kamati ikakaa vikao, ikanywa soda, na mwisho wa vikao kila familia ikapewa turubai moja la plastiki.

"Bo banapewa nyumba, sie tunapewa turubai," Virginie alisema, akiizima redio. "Na hata ile turubai balituambia tusiipasue, eti iko siku tutairudisha."

Anayeijua Bukavu ya miaka ile hataniuliza kwa nini watu hawakuingia barabarani siku hiyohiyo. Mikutano ilikatazwa. Watu wanne wakisimama kwenye kona kuulizana bei ya muhogo, askari alikuja kutaka kujua wanapanga nini. Basi watu walinuna, wakasonya, wakala ugali wao uliopoa. Na Madeleine naye angenuna tu kama wengine, lau Ijumaa isingefika.

Ijumaa walikuja watu wawili wa ofisi ya nyumba za serikali, wakiongozana na Floribert, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, mzee mpole aliyewapa watu habari mbaya akitazama viatu vyake. Mmoja wao alisimama barazani akasoma kwa sauti, majirani wote wakisikia. Nyumba hii ni mali ya serikali. Ilipewa mhandisi Zagabe wa idara ya barabara. Mhandisi huyo, kwa hiari yake, amejiunga na adui huko Kinshasa wala hana nia ya kurudi. Kwa hiyo nyumba inarudi mikononi mwa baraza, na inakabidhiwa mjumbe wake, Honorable Théodore. Walio ndani watoke kabla ya Jumatatu.

Mwenye posho ya makazi sasa alitaka na makazi yenyewe.

Madeleine aliyarudia moyoni yale yaliyosemwa juu ya mumewe. Kujiunga na adui. Zagabe alipanda ndege kwenye uwanja wa Kavumu mwishoni mwa Julai, mwaka tisini na nane, kwenda Kinshasa kwenye semina ya madaraja. Alibeba koti moja na begi moja, akaahidi kurudi kabla sukari haijaisha kwenye kopo. Siku chache baadaye vita vililipuka, nchi ikapasuka vipande viwili, na mtu aliyekuwa upande wa pili akawa kama yuko ng'ambo ya mwezi. Mara moja tu, mwaka uliopita, sauti yake ilipita kwenye redio ya mawasiliano ya mapadre, ikikatikakatika: mimi mzima, natafuta njia, mukae palepale.

Mukae palepale. Kwa maneno hayo mawili Madeleine alikuwa amestahimili mengi. Zagabe hakuwa na namba ya simu ya kupiga, wala hakujua mahali pengine pa kuwatafuta ila nyumba ile ya matofali mtaani Ibanda, yenye mlango wa bluu, juu ya ziwa. Akifika akamkuta Honorable amejipumzisha kwenye kiti chake, ataanzia wapi kuwauliza mke na watoto? Kwa Madeleine hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Paa angepata kokote, hata chini ya turubai. Lakini njia ya Zagabe ya kurudi iliishia pale mlangoni.

Jioni hiyo Virginie alifikiri sana, akimenya viazi. Halafu akaweka kisu chini.

"Mama Akonkwa," alisema, kwa kuwa Akonkwa ndiye mtoto wa kwanza wa Madeleine, "umeishaona mutu anafukuzwa mu nyumba yenye iko na kilio?"

Madeleine alikuwa hajaona. Hakuna aliyekuwa ameona. Katika mji ule askari angekupokonya baiskeli, saa, na kuku akiwa bado anataga, lakini mahali palipo na matanga alivua kofia. Kuwatoa watu kwenye matanga ni laana ambayo hata mlevi anaikwepa. Tena matanga hayaombewi ruhusa kwa mtu yeyote. Watu mia wanaweza kukaa chini ya turubai usiku na mchana, na hakuna anayewauliza wanazungumza nini.

"Lakini hakuna mwenye amekufa," Madeleine alisema.

"Njo maana nakuuliza wewe kwanza."

Hapo Madeleine alielewa, akapigwa na butwaa. Virginie hakumpa nafasi ya kupumua. Wakimlilia mjomba wa mbali, wataambiwa wakalilie huko kwa mjomba. Mfu lazima awe mwenye nyumba. Na hii vita, alisema, imeisha kuzika watu wengi kwa makosa. Watu wameliliwa, sahani zimeoshwa, halafu wanapiga hodi wakiomba maji ya kuoga. Zagabe akirudi watasema ujumbe ulikosewa, watacheka, watamnunulia bia. Wangojee tu mpaka Honorable achoke, apewe nyumba nyingine. Hao hawakosi nyumba.

Madeleine alikataa usiku kucha. Asubuhi alikuwa bado anakataa, ila sasa alikuwa anakataa huku akitafuta kitenge cheusi.

Aliyekataa kikweli ni M'Bulonza, mama yake Zagabe, ambaye vita vilimtoa Kabare vikamleta kuishi na mkwe wake. Bibi yule hakupandisha sauti. "Mutoto yangu iko anakula kwa batu, iko anavaa, iko anatafuta njia," alisema. "Munataka kumukatia hiyo njia na mudomo yenu? Wewe Madeleine, mwenye kusoma vitabu?" Aliingia chumbani kwake akajifungia mlango, na chakula alipokea dirishani kama mgonjwa wa surua. Watoto wawili wa Madeleine walipelekwa Katana kwa shangazi yao, wakadanganywa kwamba ni likizo.

Jumapili, baada ya misa, matanga yalianza. Turubai la kamati lilifungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye mti wa parachichi wa jirani, viti vikaja kutoka parokiani, picha ya Zagabe ikawekwa mezani pamoja na mshumaa. Kwaya ya Virginie ilikuja nzima na ngoma yake. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume wakazunguka mbabula, jiko la makaa, na kabla kahawa haijachemka walikuwa wamekwisha kuanza kulisema baraza. Mmoja aliuliza huo uzito wa kazi unapimwa kwa mizani gani. Mwingine alisema mtoto wake wa mwisho bado yuko chini ya udongo kule bondeni, na kamati ilimwambia asubiri kiangazi ndipo wachimbe. Wengine walijua siri ya msiba ule, wengine waliishtukia, na karibu wote walibaki, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano walikuwa wamepata mahali pa kukaa na hasira zao.

Madeleine alikaa katikati ya mkeka, kichwa kimefunikwa, na machozi yakamgomea. Alijaribu kukumbuka mambo ya huzuni. Ikawa anamwona Zagabe amekaa jikoni, akicheka mpaka anashika mbavu: mulinilia kweli? Na nani alilia kuliko wote? Angemsimulia yote, mpaka Floribert alivyokuja kutoa rambirambi akitazama viatu vyake. Ilibidi ajifiche ndani ya kitenge ili watu wasimwone akitabasamu.

Jumatatu asubuhi lori la askari lilipanda kilima. Kwaya ikakaza sauti. Afisa kijana aliteremka na karatasi mkononi, akaona mikeka, akaona picha, akaona wanawake wazima wamekaa chini. Akaikunja karatasi. Akavua kofia, akainama mbele ya Madeleine na kusema kwa Lingala, "Mawa, maman," yaani pole, akatoa noti moja iliyokunjamana akaiweka kwenye sahani ya michango. Lori likarudi lilikotoka.

"Tumewaweza," Virginie alinong'ona, mdomo umeficha kicheko nyuma ya kitambaa.

Mchana, jua lilipoanza kuchoma turubai, ilikuja jeep ya mheshimiwa mwenyewe. Honorable Théodore aliteremka ndani ya suti iliyomkaa vizuri mno kwa mji wenye njaa, nyuma yake vijana wawili na gunia la mchele na kreti mbili za bia. Watu walimtazama jinsi wanavyomtazama mbwa aliyeingia kanisani. Alipita katikati yao akisambaza pole kushoto na kulia, akasimama mbele ya picha. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Madeleine, aliyekuwa chini yake kabisa, aliona jasho likimtoka shingoni, akafurahi moyoni kwamba mwongo amekutana na waongo.

Honorable aliomba neno. Watu wa aina ile hawajawahi kuona kundi la watu wakakosa cha kusema. Floribert, kama chef wa avenue, alimkubalia.

"Maman Madeleine," Honorable alianza, "na nyinyi baparents wote. Mimi iko na kilio sawa na nyinyi. Ile siku tulipata habari, sikulala."

Mahali fulani kwenye mikeka mtu alikohoa ili asicheke. Virginie alimfinya Madeleine paja.

"Najua muko na hasira. Munajiuliza: baraza ilijua, kwa nini ilinyamaza? Minaomba mujue kitu moja. Mimi nilisema mu réunion ya baraza, na benzangu ni bashahidi: muke ya ingénieur aambiwe. Bo bakasema hapana, tungoje kwanza maneno ya nyumba iishe. Mimi nilikuwa peke yangu. Leo naona habari iliwafikia kwa njia ingine, na mimi nashukuru Mungu, juu ilikuwa inaniuma."

Ngoma ya kwaya, iliyokuwa ikipigwa polepole kumsindikiza msemaji, ilisimama. Madeleine alijiambia: naye anaigiza. Amegundua mchezo wetu, sasa anaucheza kutuzidi. Alitazama uso wa yule mtu akitafuta kicheko kilipojificha.

Floribert aliinuka kitini. Kwa mara ya kwanza hakutazama viatu vyake. "Honorable," alisema taratibu, "utuelezee muzuri. Aambiwe nini?"

Mheshimiwa alidhani anabanwa, kwamba wanataka kumsikia akikiri mbele ya wote; na kwa kuwa alikuwa amekuja kujiosha, akajiosha mpaka mwisho. Aliwaeleza. Ilikuwa ni kipindi cha Pasaka. Mhandisi alitoka Kinshasa kwa njia ya Lubumbashi, akaingia Zambia, akavuka ziwa Tanganyika kwa boti ya mizigo mpaka Uvira, na Uvira akapanda lori la samaki la kuja Bukavu. Kwenye bonde la Ruzizi lori lilishambuliwa na watu wenye silaha. Waliokuwa juu walikufa wote isipokuwa dereva. Walizikwa palepale kando ya barabara, kwa heshima, yeye mwenyewe aliuliza akahakikishiwa. Alibeba begi lenye viatu vya watoto.

"Tulimutambua na carte yake ya kazi," alimaliza. "Ilikuwa ndani ya koti, mu mufuko ya ndani, balishona na mukono, na uzi ya kijani. Ile koti iko mu bureau yetu, tutawaletea."

Uzi wa kijani. Usiku wa kuamkia safari Madeleine alikuwa ameushona mfuko ule kwa mkono, kwa kuogopa wezi wa Kinshasa, na uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Zagabe alimtania kwamba ataonekana fundi mlevi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua uzi ule.

Madeleine alikuwa palepale alipokuwa tangu jana, kwenye mkeka uleule, na kitenge kilekile, mbele ya picha ileile na mshumaa uleule aliouwasha kwa mkono wake. Mumewe alikuwa amerudi. Alikuwa amezunguka nusu ya Afrika ili arudi, akafika mahali ambapo kulikuwa kumebaki mwendo wa nusu siku tu. Na watu hawa walijua tangu Pasaka. Walijua, wakaacha mke wake amwekee sahani ya chakula kila Jumapili, wakamtuma mtu aje asome barazani kwamba Zagabe amejiunga na adui wala hana nia ya kurudi.

"Karatasi ya Ijumaa," Floribert alisema, "ilisema iko Kinshasa kwa kupenda kwake. Mimi njo nilisimama pale ikisomwa. Mulikuwa munajua amezikwa?"

Honorable alimtazama Floribert, akawatazama wanawake kwenye mikeka, waliokuwa wameshika vinywa, akamtazama Virginie ambaye uso ulikuwa umegeuka majivu. Ndipo alipoona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akilia mpaka alipoanza kusema yeye.

"Mulikuwa hamujui," alisema.

Virginie alitambaa kwenye mkeka mpaka miguuni pa Madeleine, akaishika, akawa anarudia neno moja tu, "Mama Akonkwa, Mama Akonkwa," kama anayeomba msamaha wa kitu asichoweza kukitaja. Madeleine hakumsukuma wala hakumshika. Alikuwa anafikiria mlango mmoja tu ndani ya nyumba, uliofungwa.

Haikuhitajika kuubisha. M'Bulonza alikuwa amesimama kizingitini. Ukuta wa chumba chake ulipakana na baraza ya mbele, na hotuba za Honorable zilitengenezwa zisikike mbali. Bibi alikuwa miguu mitupu. Alipita katikati ya mikeka bila kukanyaga mtu, wala hakumwangalia mkwe wake, na Madeleine alitamani amtukane, ampige, amwambie nilikuambia. Alipita tu. Alimfikia mheshimiwa wakati vijana wake wanamvuta suti kuelekea garini.

"Koti," alisema.

"Maman, tutaileta. Kesho asubuhi, parole d'honneur, naapa."

"Mulikaa nayo tangu Pasaka. Nipe koti ya mutoto yangu."

Honorable aliingia kwenye jeep akafunga mlango. M'Bulonza akaenda mbele ya gari, akakaa chini, katikati ya barabara, akanyoosha miguu yake yenye vumbi chini ya bampa. Hapo ndipo alipopiga ukunga wa kwanza, wa Kishi, lugha ya kwao, ule wa mama kwa mtoto wake. Na wote waliozaliwa Kabare na Walungu na Katana wakajua kwamba matanga yameanza.

Madeleine aliinuka. Alishuka ngazi za baraza, akakaa karibu na mama mkwe wake juu ya changarawe. Alingoja kidogo. M'Bulonza, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono akamvuta kichwa kwenye paja lake. Ndipo sauti ikamtoka Madeleine, sauti aliyokuwa ameitafuta tangu jana bila kuipata, na alishtuka kuisikia kwa sababu hakuijua.

Virginie alikuja akakaa. Kwaya ikaja. Wanaume waliacha mbabula, wakabeba gunia la mchele na kreti za bia, wakavirudisha nyuma ya jeep bila kusema neno, kisha nao wakakaa, mbele ya gari, nyuma ya gari, pembeni. Yule aliyekuwa na mtoto chini ya udongo wa bondeni aliegemea gurudumu. Watu wa mitaa ya chini walisikia kilio, wakapanda. Walioulizwa njiani walieleza kwa maneno machache, na walioelezwa walifunga vibanda vyao wakaongeza mwendo. Lori la askari lilirudi tena, afisa kijana akateremka, akauliza, akaambiwa. Alibaki ameshika kofia yake. Kisha akawaambia askari wake wakae mbali.

Dereva wa jeep alikuwa amezima injini. Dirisha la nyuma likashuka kidogo, na sauti ya Honorable ikasikika ikimwambia mmoja wa vijana wake aende ofisini kwa miguu, akimbie, afungue kabati, alete lile koti. Kijana akaondoka mbio akiteremka kilima.

Wakamngoja. Jua lilikuwa bado kali juu ya ziwa, na juu kilimani, nyuma ya migongo ya watu wote, nyumba ya matofali ilikuwa wazi na tupu, mlango umefunguliwa kabisa, na hakuna aliyegeuka kuitazama.